Petroli ya kampuni gani ni bora? Namna ya kujua pa kujaza na pa kupita

Kila mwenye gari ana sheli yake. Taa ya mafuta imewaka, gari inaelekea kukata, lakini jamaa atapita vituo vitatu huku anaomba Mungu afike kwenye kile anachokiamini, na ukimuuliza sababu anakwambia mafuta ya pale hayaishi haraka. Mwenzake anamcheka, petroli ni petroli bana, jaza popote. Mi nimekaa upande wa kwanza miaka mingi nikaumia, nikahamia upande wa pili nikaumia tena, na sa hivi ukiniuliza nakujibu hivi: nembo ya kampuni inabadilisha kitu kidogo, kituo chenyewe kinabadilisha kitu kikubwa. Nitaeleza vyote viwili, alafu nikuonyeshe namna ya kuchagua na namna ya kupima mwenyewe bila kuwa fundi.

Mafuta yalilala tangi moja

Ukiona vituo viwili vinatazamana barabarani, kimoja kimepakwa nyekundu kingine kijani, kuna uwezekano mkubwa kwamba mafuta yao jana yalilala kwenye tangi moja. Petroli ikishatoka kiwandani inasafiri kwa meli au kwa bomba mpaka depo, yaani ghala kubwa la mafuta ambako malori yanachota, na depo nyingi ni za kushirikiana. Asubuhi linaingia lori la kampuni kubwa, nyuma yake la kampuni nyingine, nyuma yake lori jeupe lisilo na jina lolote ubavuni, na wote wanachota kulekule. Huko Marekani kuna bomba linaitwa Colonial Pipeline, linaanzia Houston mpaka maeneo ya bandari ya New York, mtandao wake ni zaidi ya kilomita 8,000, na ndani yake wenye mali wengi wanapitisha mafuta yao kwa zamu. Ukiingiza lita milioni kule mwanzo, kule mwisho unapewa lita milioni za daraja hilohilo, sio lazima ziwe zilezile zako. Yaani ni kama kuweka hela benki, hudai noti zako zenye namba zako.

Na hayo mafuta ya msingi yanabanwa na sheria ya nchi, sio na ustaarabu wa kampuni. Oktani (nitaieleza mbele) isishuke chini ya hapa, salfa isizidi hapa, mvuke uwe hivi. Ulaya tangu 2009 salfa haitakiwi kuzidi miligramu 10 kwa kila kilo ya petroli, Marekani nao 2017 wakaingia kwenye wastani huohuo. Risasi nayo, ile sumu iliyokuwa inachanganywa kwenye petroli toka miaka ya 1920 ili injini zisigonge, yaani petroli isilipuke ndani kabla ya wakati wake, haikuondoka kwa sababu kampuni fulani ilikuwa na roho nzuri, iliondolewa nchi moja baada ya nyingine kwa sheria mpaka Algeria ikawa ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari mwaka 2021. Kwa hiyo ukivuka mpaka na gari lako unaweza kukutana na tofauti kubwa ya petroli kuliko utakayoipata ukihama kampuni moja kwenda nyingine ndani ya nchi hiyohiyo.

Sasa kampuni zinatofautiana wapi? Kwenye dawa

Lori linapojaza pale depo, kuna pampu ndogo pembeni inayochomeka dawa ya kampuni husika ndani ya mafuta yanapopita kwenda kwenye tangi la lori. Mashine inajua hili lori la nani, inaweka dawa ya huyo. Kiasi ni kidogo sana, mililita mia kadhaa kwa lita elfu moja, lakini hapo ndo petroli ya wote inapogeuka kuwa petroli ya Chevron au ya Shell au ya nani. Techron ya Chevron unayoisikia kwenye matangazo ndo hiyo, dawa.

Kazi yake kubwa ni kusafisha. Petroli ikipita kwenye injekta, yaani vile vibomba vinavyoinyunyiza, na kwenye valvu za kuingizia, vile vimlango vya kuingia kwenye silinda, joto linaacha masizi, kidogo kidogo, kama sufuria inayopikiwa kila siku bila kusuguliwa chini. Masizi yakishakuwa mazito juu ya valvu yanafanya kazi ya sponji, asubuhi ukiwasha gari ya baridi yananyonya petroli kabla haijaingia kwenye silinda, injini inatetemeka na kuvuta vibaya mpaka ipate moto. Wengi hapo wanabadilisha plagi, wanabadilisha koili, hela inaenda, kumbe uchafu.

Marekani waliweka sheria kuanzia 1995 kwamba kila petroli lazima iwe na kiwango cha chini cha dawa ya kusafisha. Watengeneza magari wakaona hicho kiwango ni kidogo mno, 2004 BMW, General Motors, Honda na Toyota wakaanzisha kiwango chao cha juu zaidi wakakiita Top Tier, kampuni ya mafuta ikikubali inaweka dawa hiyo kwenye madaraja yake yote, sio kwenye petroli ya bei ghali peke yake. Alafu 2016 chama cha wenye magari cha huko, AAA, kikapeleka mafuta maabara, wakaendesha injini kwa kipimo cha sawa na kilomita 6,400 hivi, na mafuta yasiyo na kiwango hicho yakaacha uchafu mara 19 zaidi kwa wastani. Mara 19 sio mchezo. Kwa hiyo yule anayesema petroli zote sawa, hapa amekosea.

Lakini usikimbilie hapo ukadhani umepata jibu. Kwanza, hiyo ni habari ya maelfu ya kilomita, tangi moja haliui injini na tangi moja haliponyi injini. Mtu anayekwambia "nimejaza pale leo, gari imekuwa nyepesi" mara nyingi ni moyo wake ndo umekuwa mwepesi. Pili, magari mengi ya sasa injekta yake inamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti tena juu ya valvu ya kuingizia, kwa hiyo hiyo valvu haioshwi na dawa yoyote hata ununue petroli ya malaika. Injekta zenyewe bado zinafaidika, valvu hapana. Angalia kitabu cha gari lako, au muulize fundi anayeijua injini yako.

Oktani sio utamu

Hapa nitapita haraka kwa sababu limeshasemwa sana na watu hawasikii. Namba ya oktani inapima jinsi petroli inavyovumilia kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati wake, basi. Haipimi nguvu, haipimi usafi. Gari iliyotengenezwa kwa 91 ukiiwekea 98 haipati kitu cha maana, haohao AAA walipima 2016 wakakuta hakuna faida ya maana. Ila gari iliyoandikwa 95 ndani ya kifuniko cha tangi ukiiwekea chini ya hapo, kompyuta itarudisha nyuma muda wa kuchoma ili injini isigonge, utapoteza nguvu na mafuta yataliwa zaidi. Angalizo moja tu, namba hazipimwi sawa dunia nzima: 95 ya sehemu nyingi ni kama 91 ya Marekani, wao wanachukua wastani wa vipimo viwili, kwa hiyo usishangae ukisoma mtu wa huko anaweka 87 kwenye gari kama yako.

Kituo ndo mwenye nyumba

Sasa tufike kwenye kilichoniumiza. Kulikuwa na mvua siku mbili mfululizo, nikajaza tangi kwenye kituo cha jina kubwa, taa zinawaka kama harusi, sakafu inang'aa. Nikatoka. Kama kilomita nne mbele gari ikaanza kumisi, nikikanyaga mafuta inakohoa, mara ikazima katikati ya barabara na haikuwaka tena. Fundi alikuja akafungua mpira wa mafuta, akakinga kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, akainyanyua juu tuitazame kwenye mwanga. Juu kulikuwa na petroli ya njano hafifu, chini theluthi nzima ni kitu cheupe kama kioo, na katikati mstari umenyooka kama umepigwa rula. Akaitikisa kwa nguvu, ikawa ukungu, akaiweka juu ya boneti. Haikupita dakika mstari ukarudi palepale. Maji.

Hayo maji hayakuletwa na kampuni wala hayakuondoka depo. Yaliingia kwenye tangi la chini ya ardhi la kile kituo, kwa sababu kifuniko cha tangi kiko usawa wa sakafu na mpira wake ukichoka mvua inapita. Kituo makini kila siku kinazamisha fimbo ya kupimia iliyopakwa dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, na wakikuta yamezidi wanafunga pampu. Kituo kivivu kinasubiri wewe uwe fimbo yao. Na petroli yenye ethanoli, ile pombe inayochanganywa kwenye petroli, ndo mbaya zaidi hapo, kwa sababu ethanoli inapenda maji, inayanyonya kimyakimya mpaka ikishindwa, kwenye mchanganyiko wa ethanoli asilimia 10 ni kama nusu ya asilimia tu ya maji, kisha yote mawili, maji na ethanoli, yanazama chini kwa pamoja na petroli inayobaki juu imeshapoteza oktani.

Alafu kuna uchakachuaji. Mahali ambapo mafuta ya taa ni ya bei ya chini kuliko petroli, lazima atatokea mjanja wa kuchanganya, aidha njiani kwenye lori au kituoni usiku. Mafuta ya taa yanashusha oktani na hayageuki mvuke kirahisi kama petroli, kwa hiyo injini inagonga ukipanda mlima, plagi zinakuwa nyeusi, moshi unatoka, na mengine yanapenya mpaka kwenye oili yakaifanya nyepesi. Nchi kadhaa zinaweka vinasaba, yaani kemikali ya alama isiyoonekana kwa macho, kwenye mafuta ili mkaguzi akija na kipimo ajue kama yameguswa. Ni kitu kizuri, ila mkaguzi haji kila siku na we unajaza kila wiki.

Kwa hiyo ukichagua kituo, nembo iwe ya mwisho. Mi naangalia kwanza mzunguko: kinauza sana au kinalala? Kituo chenye magari muda wote kinapokea lori mara kwa mara, mafuta hayakai. Petroli iliyokaa miezi inaanza kupoteza ile sehemu nyepesi inayosaidia kuwaka asubuhi na inaanza kutengeneza gundi. Na kituo kinacholala, sehemu ya juu ya tangi lake ni hewa, hewa hiyo ina unyevu, usiku ukipoa unyevu unakuwa matone. Hapo kituo kisicho na jina lakini kilicho njia kuu ya malori kinaweza kukishinda kile chenye jina kubwa kilichojificha mtaani hakina mteja.

Kisha natazama chini. Vile vifuniko vya matangi vya chuma vilivyo sakafuni, je viko juu kidogo ya sakafu au vimekaa kwenye shimo ambalo maji yanasimama? Ukikuta dimbwi juu ya kifuniko na limetanda rangi za upinde wa mvua, washa gari ondoka. Ni ishara ndogo lakini haijawahi kunidanganya.

Lori likiwa linashusha mafuta, usijaze muda huo. Mafuta yakimiminwa kwa kasi yanavuruga uchafu uliotulia chini ya tangi, na ingawa pampu nyingi zina filta, hujui ilibadilishwa lini. Rudi baadaye au nenda kwa jirani.

Kuhusu ile ya kujaza alfajiri eti mafuta yamejikunja unapata mengi, fanya hesabu. Petroli inatanuka kama asilimia 0.1 kwa kila digrii moja, kwa hiyo hata kama mafuta yangepishana digrii 10 nzima, kwenye lita 50 ni nusu lita tu, na tangi liko chini ya ardhi, halipishani digrii 10 kati ya asubuhi na mchana, linapishana kidogo sana. Lala tu. Nguvu yako itumie kuangalia pampu imeanza sifuri, maana hapo ndo lita zinapotea kweli. Na kama una wasiwasi na kipimo, omba wakupimie kwa lile kopo rasmi la kupimia, vituo vingi vinatakiwa kuwa nalo. Jinsi mhudumu anavyokutazama ukiomba ni jibu tayari.

Kupima mwenyewe

Chukua chupa ya kioo safi na kavu, yenye mfuniko. Kioo, sio plastiki, plastiki nyingine zinayeyushwa na petroli na zinakusanya umeme wa msuguano. Fanya nje, mbali na moto, simu weka mfukoni, na usivute petroli kwa mdomo hata siku moja, ikiingia kwenye mapafu ni hospitali. Kinga kama robo lita, funga, iache itulie dakika kumi, kisha inyanyue kwenye mwanga. Petroli nzuri inang'aa, unaona vidole vyako upande wa pili. Ukiona ukungu, ukiona mstari, ukiona punje zimelala chini, umeshajua. Rangi isikubabaishe sana, nchi nyingine wanatia rangi kutofautisha madaraja, cha kuangalia ni kama imebadilika kutoka ile uliyoizoea palepale.

Ya pili ni karatasi nyeupe. Dondosha matone mawili, yapeperushe dakika chache. Petroli inaondoka yote au inaacha kivuli hafifu sana. Ikibaki doa la mafuta lenye kung'aa, ukishika linateleza na linanuka taa au dizeli, kuna kitu kimechanganywa. Nikuambie ukweli lakini, hiki kipimo kinakamata wezi wa wazi, mchakachuaji mwenye akili anayeweka kidogo kidogo hatamshika mtu kwa karatasi, huyo anataka maabara.

Kuhusu "hayaishi haraka", hilo linapimika kwa hesabu na watu hawalipimi, wanabaki kuhisi tu. Jaza mpaka nozeli ikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze. Rudisha kilomita sifuri. Tembea kama kawaida yako mpaka tangi likaribie robo, rudi kwenye pampu ileile, jaza tena mpaka ikate. Ukikuta umetembea kilomita 412 na zimeingia lita 36.5, gawanya, ni kilomita 11.3 kwa lita. Rudia matangi matatu kwenye kituo hicho, kisha matatu kwenye kingine, njia zilezile, upepo wa matairi uleule. Tangi moja moja halisemi kitu, foleni ya siku moja tu inatosha kuharibu hesabu yote. Na ukipata tofauti ya asilimia 3 hivi, kabla hujaisifia kampuni uliza kama moja ina ethanoli asilimia 10 na nyingine haina, kwa sababu ethanoli ina nguvu ndogo kuliko petroli na hiyo asilimia 3 ndo hesabu yake hasa.

Ukishaumizwa

Gari ikianza kumisi muda mfupi baada ya kujaza, usilazimishe, egesha. Kila ukiwasha tena unavuta hayo maji mbele zaidi, pampu ya mafuta na injekta zinapata kutu na kukosa ulainisho. Tangi limwagwe lote, mipira isafishwe, filta ibadilishwe, na usikubali fundi akuambie "tuongeze petroli nzuri itachanganyika". Maji kidogo sana labda, theluthi ya chupa hapana.

Kabla hajamwaga, kinga sampuli mbili kwenye chupa za kioo, funga vizuri, andika tarehe, saa, namba ya pampu, piga picha ikiwa na risiti pembeni. Mi sikuwa na risiti siku ile. Meneja alinisikiliza vizuri kabisa, akanipa pole, akaniambia hajui kama nilijaza kwake, na kwa kweli sikuwa na cha kumjibu. Toka siku hiyo risiti ya mafuta inakaa kwenye gari mpaka nijaze tena. Ukiwa nayo, nenda kituoni kwanza, wakikataa peleka kwa mamlaka ya nchi yako inayosimamia mafuta, wana uwezo wa kuchukua sampuli kutoka kwenye tangi lenyewe, na mkiwa watatu wanne mliojaza siku hiyohiyo mnasikilizwa haraka zaidi.

Kama sio maji bali mhudumu amekuwekea dizeli kwenye gari ya petroli, ukigundua ukiwa bado pale, usiwashe kabisa, hata kusogeza mita mbili. Isukumwe pembeni.

Mwisho kuna swali naulizwa sana, kama ukiamua kuhama kampuni inabidi kwanza umalize yaliyomo. Hapana. Dawa za kampuni mbili hazipigani ndani ya tangi, almradi ni daraja gari lako linalotaka. Ukiwa na robo ya hawa, jaza ya wale, weka risiti kwenye dashibodi, endelea na safari.